John Davis: mvulana aliyeanza kuinua chuma nyumbani, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 17

Wakaaji wa Alunguli wanaovuka mto kwenda katikati ya mji wa Kindu wanalijua gurudumu la wagoni. Gare iko ng'ambo, upande wa kushoto wa mto, na reli ilifika pale tangu wakati wa Wabelgiji. Magurudumu mawili yaliyounganishwa na chuma kimoja ni kitu cha kuvutwa na injini. Hakuna anayefikiri kwamba mtu anaweza kukiinama na kukinyanyua.

Lakini tarehe 13 mwezi wa tisa mwaka wa 1949, mjini Paris, mtu mweusi kutoka Marekani alishika magurudumu mawili ya reli yaliyofungwa kwenye chuma kimoja, uzito wa kilo 166, akayatoa chini na kuyasimamisha juu ya kichwa chake. Aliitwa John Davis. Alikuwa na miaka 28, na tangu mwaka wa 1938 hakuna mtu aliyekuwa amemshinda katika mashindano.

Nguvu ile haikuanzia katika jumba kubwa la michezo. Davis alianza akiwa mvulana wa miaka 16, katika mtaa wa watu wa kawaida, kwa kuinua vyuma nyumbani kwa rafiki. Kijana wa Alunguli anayemwaga simenti ndani ya makopo mawili, akapitisha chuma katikati na kukiinua asubuhi ndani ya parseli kabla ya kwenda shule, anafanya jambo ambalo Davis angelitambua mara moja.

John Henry Davis alizaliwa tarehe 12 mwezi wa kwanza mwaka wa 1921 huko Smithtown, katika jimbo la New York. Baba yake hakumjua. Alilelewa na mama peke yake, na maisha yao yakawa Brooklyn, sehemu ya jiji la New York. Ilikuwa miaka migumu: Davis hakuwa amefika miaka 9 wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka wa 1929, viwanda vikafunga na watu wengi wakakosa kazi. Katika nyumba nyingi za watu weusi njaa iliingia mapema na ilichelewa kutoka. Mama asiye na mume, mwenye mtoto wa kiume anayekua haraka, alijua vizuri bei ya mkate.

Mwaka wa 1937, kama inavyosimuliwa katika historia ya mchezo huu, kijana mmoja mwinua vyuma aliyeitwa Steve Wolsky alimwona Davis katika uwanja wa mtaa akiinua kipande kikubwa cha saruji ambacho wengine walikuwa wakikizunguka tu. Wolsky alielewa anachokiona. Alimwalika mvulana yule aje nyumbani kwake wafanye mazoezi pamoja, na pale ndipo Davis aliposhika kwa mara ya kwanza chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Katika Marekani ya wakati ule kuinua vyuma kulikuwa, kwa sehemu kubwa, mchezo wa nyumbani. Watu wengi waliudharau. Waalimu wa michezo walionya kwamba chuma kizito kinakaza misuli na kumfanya mtu awe mzito kama gogo. Wavulana waliotaka nguvu walinunua vyuma kwa posta na kuviweka chumbani, uani au chini ya nyumba. Tajiri mmoja wa mji wa York, katika jimbo la Pennsylvania, Bob Hoffman, alijenga biashara yake juu ya wavulana hao. Aliwauzia vyuma, akawauzia na gazeti lililowafundisha namna ya kuvitumia. Faida ya biashara ile ilisaidia kuigharamia timu ya taifa ya Marekani, na Davis baadaye akawa mmoja wa watu wa timu hiyo.

Mashindano ya wakati wa Davis yalikuwa na sehemu tatu. Katika ya kwanza, mwinua vyuma alikileta chuma mpaka mabegani, akasimama wima, kisha akakisukuma juu kwa mikono tu bila msaada wa miguu. Katika ya pili alikitoa chini mpaka juu ya kichwa kwa mwendo mmoja. Katika ya tatu alikipandisha mabegani, akapumua, kisha akakirusha juu kwa nguvu ya miguu na mikono. Kwa kila sehemu mtu alipewa nafasi tatu, na kilo bora za sehemu zote zilijumlishwa. Ule mchezo mwingine ambao vijana wengi wanaupenda leo, pawalifti, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, kulala chali kwenye benchi na kusukuma, kisha kunyanyua kutoka chini mpaka kiunoni, haukuwa bado na mashindano yake. Ulipata taratibu zake katika miaka ya 1960, na shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka wa 1972. Lakini mazoezi ya miguu na mgongo ni ndugu, na wanaume wa kizazi cha Davis walichuchumaa na kunyanyua kwa sababu bila hayo hakuna kilo zinazopanda juu.

Davis alijifunza haraka kwa namna ambayo bado inashangaza. Muda usiofika miaka miwili baada ya kukutana na Wolsky, alikuwa ndani ya timu ya Marekani iliyokwenda kwenye mashindano ya dunia. Alikuwa na miaka 17. Mashindano yalifanyika katika mwezi wa kumi mwaka wa 1938, na mahali palikuwa Vienna.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Katika mwezi wa tatu mwaka ule jeshi la Hitler lilikuwa limeingia Austria na kuimeza nchi nzima. Vienna ulikuwa sasa mji wa utawala uliofundisha watoto shuleni kwamba damu nyeupe ni bora kuliko nyingine zote. Miaka miwili mbele yake, kwenye Olimpiki ya Berlin, Mmarekani mweusi Jesse Owens alikuwa amechukua medali nne za zahabu katika mbio na kuruka. Katika mashindano ya vyuma ya Berlin hiyo hiyo, kijana wa Misri, Khadr El Touni, aliinua jumla ya kilo 387.5, kilo 15 zaidi ya mshindi wa kundi la watu wazito kuliko yeye. Na katika mwezi wa sita mwaka wa 1938, kule New York, Joe Louis alimwangusha Mjerumani Max Schmeling katika raundi ya kwanza. Kwa hiyo watu waliokaa katika ukumbi wa Vienna walijua tayari nini kinaweza kutokea mtu mweusi anapopewa nafasi sawa na wengine. Jambo ambalo hawakulitazamia ni kwamba safari hii angekuwa mtoto.

Davis alishindana katika kundi la watu wasiozidi kilo 82.5, mbele ya wanaume waliokuwa na miaka mingi katika kazi hiyo. Akawashinda. Mvulana wa Brooklyn akawa bingwa wa dunia, akavuka bahari na kurudi kwa mama yake. Wiki chache baadaye, usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 mwezi wa kumi na moja, masinagogi ya Vienna yalichomwa moto na maelfu ya Wayahudi wakakamatwa.

Mtu angefikiri kwamba nyumbani alipokelewa kama mfalme. Marekani ile ilikuwa na majimbo ambamo bingwa wa dunia mweusi hakuruhusiwa kulala katika hoteli ya wazungu wala kula katika mkahawa wao. Na sheria ya mchezo ilikuwa kali: aliyepokea pesa kwa kuinua vyuma alifukuzwa katika mashindano. Bingwa alipata medali, alipata kupigwa picha, kisha akatafuta kazi kama wengine. Kwa mtoto wa tajiri sheria ile ilikuwa heshima. Kwa mtoto wa mama aliyebaki peke yake ilikuwa ukuta, na hakuna sababu ya kuisema kwa maneno laini zaidi.

Alirudi kwenye chuma. Mwili uliongezeka, na Davis akapanda kwenye kundi la wazito kabisa, ingawa hakuwa mtu mrefu na hakuwa na tumbo kubwa la wazito wengi waliomfuata. Alikuwa karibu kilo 100, na mapaja yake yalikuwa yanajulikana kila mahali alipofika. Mwaka wa 1941, akiwa na miaka 20, alifika jumla ya zaidi ya pauni 1,000 katika zile sehemu tatu, yaani zaidi ya kilo 453, jambo ambalo hakuna mwanamichezo asiyelipwa aliyekuwa amelifanya mbele yake.

Kisha vita vikamchukulia miaka yake bora. Olimpiki ya mwaka wa 1940 haikufanyika, ya mwaka wa 1944 haikufanyika, na kati ya mwaka wa 1938 na mwaka wa 1946 hakukuwa na mashindano ya dunia ya vyuma hata mara moja. Davis aliingia jeshini akapelekwa Pasifiki. Jeshi la Marekani lilikuwa linawatenga askari weusi katika vikosi vyao. Mtu aliyewashinda wazungu wote mbele ya Wanazi alivaa sare ya nchi iliyomtenga na askari wenzake kwa rangi.

Alipotoka, wengi wangemwelewa kama angeacha. Davis alikwenda Paris mwaka wa 1946, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia baada ya vita, na huko akakutana na watu wapya: Warusi. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa unashiriki kwa mara ya kwanza, na mzito wao, Yakov Kutsenko, alikuwa jina kubwa kwao. Davis alimshinda. Akashinda tena Philadelphia mwaka wa 1947.

Olimpiki ilirudi London mwaka wa 1948. Tarehe 26 mwezi wa saba, siku tatu tu mbele ya michezo kufunguliwa, Rais Harry Truman alitia saini amri ya kuondoa utengano wa rangi katika jeshi la Marekani. Davis alipopanda jukwaani mjini London, jeshi alilolitumikia lilikuwa limeanza kukubali, kwenye karatasi, kwamba yeye ni askari kama askari mwingine. Aliinua jumla ya kilo 452.5. Wa pili, Norbert Schemansky, Mmarekani mwenzake, alipata kilo 425. Katika mchezo ambamo watu hushindana mara nyingi kwa kilo mbili na nusu au tano, kilo 27.5 ni kama kushinda mpira kwa mabao sita.

Mwaka uliofuata yakaja yale magurudumu.

Yalikuwa mali ya zamani ya Mfaransa Louis Uni, mtu wa nguvu wa maonyesho aliyejulikana kwa jina la Apollon, ambaye alifariki mwaka wa 1928. Kilo 166 hazikuwa nyingi kwa Davis. Alikuwa anainua zaidi ya hapo mara kwa mara. Taabu ilikuwa namna ya kuyashika. Chuma cha mashindano ni chembamba, vidole vinakizunguka na kufungana, na chuma chenyewe kinazunguka ndani ya visahani vyake mtu anapokigeuza kuja mabegani. Chuma cha magurudumu ya Apollon kilikuwa na unene wa karibu sentimeta 5, na hakikuzunguka peke yake. Mtu akitaka kukigeuza, anageuza mzigo wote, magurudumu pamoja. Charles Rigoulot, Mfaransa, ndiye aliyekuwa amefaulu mwaka wa 1930 kuyafikisha juu ya kichwa. Baada yake miaka 19 ilipita.

Mikono ya Davis haikuwa mikubwa. Alijaribu, chuma kikamponyoka. Alijaribu tena, hakikukubali. Ndipo akabadilisha namna ya kushika: mkono mmoja kiganja kikatazama mbele, mwingine kikatazama nyuma, kama mtu anavyonyanyua mzigo usiotaka kushikika. Kushika hivyo kunasaidia kukitoa chini, lakini mkono uliogeuzwa hauwezi kukipokea chuma mabegani. Kwa hiyo, chuma kikiwa kinapanda, Davis alikiachia kwa mkono ule mmoja, akaugeuza hewani, akakikamata tena upande wa pili na kukipokea mabegani. Kisha akakirusha juu. Mtu aliyewahi kubeba fuko la simenti kutoka pirogi mpaka barabarani anaweza kufikiri mwenyewe maana ya kuachia kilo 166 katikati ya safari na kuzikamata tena.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya kuvuna. Bingwa wa dunia mwaka wa 1949, mwaka wa 1950, mwaka wa 1951. Zahabu kwenye Michezo ya Mabara ya Amerika mjini Buenos Aires mwaka wa 1951. Katika mwaka huo huo, kwenye mashindano ya taifa mjini Los Angeles, alipitisha kilo 182 katika ile sehemu ya tatu, akawa mwanamichezo wa kwanza asiyelipwa kuvuka pauni 400. Helsinki, mwaka wa 1952, alichukua medali yake ya pili ya zahabu ya Olimpiki kwa jumla ya kilo 460, na aliyemfuata, James Bradford, alikuwa pia Mmarekani mweusi.

Mwisho ulifika Stockholm mwaka wa 1953, na ulikuja kwa mkono wa mtu ambaye Davis angeweza kumwita ndugu kama si kilo zilizokuwa kati yao. Doug Hepburn wa Vancouver, Kanada, alizaliwa na mguu uliopinda. Alijijenga mwenyewe, bila timu na bila mwalimu wa taifa, na watu wa mji wake walichangisha pesa ili aweze kufika Sweden. Hepburn aliinua kilo 467.5. Davis, aliyekuwa anasumbuliwa na paja, alipata kilo 457.5. Miaka 15 ya kutoshindwa ikaishia pale, mbele ya mtu mwingine aliyeanza peke yake na chuma chake.

Davis alijaribu kurudi kwa ajili ya Olimpiki ya Melbourne ya mwaka wa 1956, lakini jeraha la paja lilimfungia mlango. Zahabu ya wazito ilikwenda kwa Paul Anderson, Mmarekani wa jimbo la Georgia, ambaye naye alijenga miguu yake nyumbani kwa mapipa ya saruji na vyuma vya kuokota, na ambaye kuchuchumaa kwake na mizigo mikubwa kulisaidia kuufanya pawalifti ujulikane. Ukiyapanga majina hayo matatu, Davis, Hepburn na Anderson, unaona kwamba kwa karibu miaka 20 taji la mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani lilipita kutoka kijana mmoja wa mazoezi ya nyumbani kwenda kwa mwingine.

Lakini wanaosimulia historia hii kwa vijana mara nyingi wanaruka sehemu inayofuata. Davis hakutoka katika mchezo akiwa na nyumba kubwa wala duka. Alipenda kuimba, alikuwa na sauti nzuri nzito, lakini sauti haikumpa maisha pia. Bingwa wa dunia mara sita na wa Olimpiki mara mbili alifanya kazi ya mlinzi wa gereza katika jiji la New York. Ilikuwa kazi ya heshima na mshahara wake ulikuwa wa kila mwezi. Hata hivyo, nchi iliyomtumia Vienna, Paris, London na Helsinki ili iheshimiwe ilikuwa na deni kubwa zaidi kwake kuliko hilo, na haikulilipa.

Kazi yake ngumu ilikuwa imefanyika mapema, kati ya miaka 16 na 17, wakati hakuna gazeti lililomtafuta. Alikuwa na rafiki aliyejua zaidi yake na aliyekuwa tayari kusimama karibu chuma kinapokuwa kizito. Kwa anayefanya mazoezi peke yake, mtu huyo wa pili ana thamani kuliko chuma chenyewe: ndiye anayeona mgongo unapopinda, na ndiye anayekamata mzigo unapokataa. Wolsky hakuwa bingwa wa dunia, lakini bila yeye kipande kile cha saruji kingebaki mchezo wa watoto wa Brooklyn.

John Davis alifariki kwa kansa tarehe 13 mwezi wa saba mwaka wa 1984 huko Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, akiwa na miaka 63. Siku 15 baadaye Olimpiki ilifunguliwa Los Angeles, mji ule ule ambamo mwaka wa 1951 alikuwa amepitisha kilo 182 juu ya kichwa chake.